Neno la Kale la Mama Generoza

Tulipomzika Mama Generoza mwezi uliopita, padri aliniomba niseme maneno machache kwa niaba ya marafiki. Nilisimama mbele ya watu nikasema alikuwa mkarimu, mchapakazi na mcha Mungu, kisha nikaketi. Yote yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililomgusa yeye hasa. Kwenye treni ya kurudi nyumbani niliona haya, maana mimi ndiye niliyekuwa chumbani siku aliposoma neno la sheria ya Waingereza ambalo mawakili wengi wa Sydney hawajawahi kulisikia, akalielewa kuliko yule aliyemwonyesha. Nilipaswa kuwaambia waombolezaji habari hiyo. Sikuthubutu, kwa sababu si habari ya dakika tano, na kwa sababu hata leo, na mvi hizi, nikiikumbuka nashindwa kupandisha sauti.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, Mkenya mgeni, nasomea usimamizi wa biashara Parramatta bila mapenzi nayo. Alasiri nne kwa wiki nilifanya kazi kwa wakili mmoja mzee aliyeitwa Alistair, ghorofani juu ya duka la mikate la Walebanoni. Kazi yangu ilikuwa kupokea simu, kupiga chapa na kutoa vumbi. Watu wote walimwita kwa jina lake tu, kama ilivyo desturi ya hapa. Ulimi wangu ulikataa, nikamwita Mister Alistair mpaka akachoka kunisahihisha. Ofisi yake ilikuwa na vyumba viwili. Cha mbele changu, chenye kompyuta na hita ndogo iliyonuka waya. Cha ndani chake, kilichojaa vitabu kuanzia sakafuni mpaka mahali mkono haufiki. Saa saba harufu ya zaatari, kiungo chao cha majani makavu, na unga uliookwa ilipanda ngazi, naye alishuka kununua mikate miwili ya moto, mmoja wake, mmoja wangu. Tulikula kila mtu mezani kwake, mlango ukiwa wazi katikati. Alikuwa amefika umri wa kustaafu zamani, lakini alibakiza kesi za watu waliozuiliwa na uhamiaji. Alisema anazibakiza kwa sababu hazimwachi alale, na sikuelewa kama hayo yalikuwa malalamiko au majigambo.

Mama Generoza aliingia siku moja ya baridi, akiwa bado na sare ya kazi ndani ya koti. Alikuwa Mrundi wa makamo, mfupi, mwenye sauti nzito. Aliishi miaka tisa katika kambi za wakimbizi Kigoma kabla ya kuletwa Australia, na sasa alihudumia wazee katika nyumba ya kulelea wazee. Nilikuwa kwenye simu na mama yangu, naongea Kiswahili. Alingoja mpaka nikamaliza, kisha akaweka mikono yote miwili juu ya meza yangu.

"Wewe ni mutu wa wapi?"

"Kenya, Mama. Shikamoo."

"Marahaba, binti yangu. Bon, haya. Kuna mutu iko Villawood, kwenye kizuizi. Anaitwa Anselmi. Miaka tatu sasa. Nataka kumutoa."

Nikachukua kalamu. "Ni ndugu yako?"

"Hapana."

"Mnatoka kijiji kimoja?"

"Hapana."

"Ni mchumba?"

Alicheka mpaka akashika kiti. "Mama yangu! Ile mutu hana hata meno ya mbele. Hapana. Mimi ninaendaga kule Jumapili na wamama wa kanisa, tunapeleka chakula. Wenzangu wanatembelea watu wengi. Mimi nilimuona huyu moja."

Sheria ya wakati huo ilitaka asiye na viza azuiliwe mpaka kesi yake imalizike, iwe ni mwezi au ni miaka. Anselmi alikuja kwa viza ya mkutano wa kanisa, akaomba hifadhi, akakataliwa, akakata rufaa, na rufaa ikawa inazunguka. Mister Alistair alimsikiliza Mama Generoza kupitia kwangu, kisha akasema kuna njia nyembamba: mtu ambaye afya yake imezorota anaweza kuombewa aishi nje, kwenye nyumba inayojulikana, ikiwa yuko mtu atakayejifunga kwa maandishi kuwa anajua aliko na atamleta akiitwa. Wanaweza kukubali, wanaweza kukataa. Akaniomba niende nikamwone huyo mtu, kwa kuwa Kiingereza chake kilikuwa kidogo na mkalimani wa simu hapatikani kila anapohitajika.

Tukaenda Jumapili, mimi na Mama Generoza, tukitembea kutoka stesheni kupitia mitaa ya viwanda iliyofungwa, yeye amebeba sufuria iliyofungwa kwa kanga. Askari wa langoni walitupekua, wakatugonga muhuri mkononi, tukafika ua wa wageni wenye meza za plastiki na nyasi zilizokanyagwa. Anselmi alikuwa mrefu, amekonda, shati limefungwa vifungo vyote hadi shingoni. Alikuwa Mrundi pia, mwalimu wa jiografia. Alinisalimia kwa Kiswahili safi cha Tanzania, akala isombe, yaani kisamvu, na ndizi polepole, na kila askari alipopita alisimama, kisha akaketi tena bila kujua kwamba amesimama. Nilimuuliza habari za afya ili niandike.

"Macho," alisema. "Kwa miaka mitatu sijaangalia kitu kilicho mbali kuliko ule uzio. Juzi nilijaribu kutazama mawingu, kichwa kikaniuma. Na nilikuwa nafundisha watoto umbali wa nyota."

Niliandika "macho" kwenye daftari. Mama Generoza alisogeza sufuria karibu naye, akamwambia amalize, isije ikarudi nyumbani.

Wakati wa kurudi, kwenye mtaa mtupu kati ya ghala na ghala, alinieleza jambo ambalo hakumweleza wakili. Mumewe aliuawa wakati wa vita. "Waliomuua ni watu wa upande wa huyu," alisema. "Sisemi yeye. Yeye alikuwa mbali, anafundisha. Lakini watu wake."

"Yeye anajua?"

"Nilimwambia siku ya kwanza. Nilisema, mimi ni mujane wa fulani, wa kilima fulani. Aliweka kijiko chini. Hakula tena siku ile. Jumapili ingine nilirudi na chakula."

"Kwa nini ulirudi?"

"Kwa sababu aliweka kijiko chini."

Nilikuwa na umri wa kutosha kujua kwamba sijaelewa, na wa kutosha kutouliza zaidi. Katika miaka yote iliyofuata nimelirudia jibu lile kuliko sala yoyote. Nadhani alikuwa akisema kwamba kwa mara ya kwanza tangu vita, mtu wa upande ule aliyasikia yaliyompata na hakutafuta la kujibu. Lakini hayo ni maneno yangu. Yeye alisema la kijiko tu, kisha akaniuliza kama treni ya saa kumi imeshapita.

Habari hazikufichika. Jumapili moja nilikuwa jikoni kwenye ukumbi wa kanisa, naosha vikombe, nikawasikia wanawake wawili wakizungumza nyuma ya pazia la dirisha la kutolea chakula. "Generoza amepoteza akili," alisema mmoja. "Anamutoa mutu wa upande ile, na dada yake bado iko kambini anasubiri dosye yake ya kuja huku." Mwenzake akasema, "Akikimbia huyo, jina la Generoza limeharibika kule uhamiaji. Na dada ndiyo basi." Sikuwahi kusikia kuhusu dada. Nilipomuuliza alikiri: dada yake mdogo, wa mwisho kubaki katika ukoo, ameombewa kuja na yeye ndiye mwombaji. Nilimwambia asitie sahihi. Nilimwambia kwa ukali ambao sikuwahi kuutumia kwa mtu wa rika la mama yangu. Aliniacha nikamaliza, kisha akauliza Mister Alistair anatutaka saa ngapi.

Siku ya kutia sahihi mvua ilikuwa ikinyesha juu ya bati la kibaraza cha duka la mikate. Kazi yangu ilikuwa kumweleza, kabla hajagusa kalamu, kile anachojifunga nacho. Nilisema dhamana. Alikunja uso. Kwake dhamana ilikuwa mambo ya polisi na mahakama, mtu anatolewa leo, kesho anarudishwa ndani. "Mimi sitaki kumutoa kama ng'ombe amekopeshwa," alisema. Nilipomfasiria Mister Alistair, badala ya kukasirika, uso wake uling'aa. Alipanda ngazi ndogo, akashusha kamusi ya sheria yenye mgongo uliochanika, akaiweka mbele yetu. Alisema zamani sana, Uingereza, kulikuwa na njia mbili za kumtoa mtu kifungoni. Moja ndiyo hii tunayoijua mpaka leo: mdhamini anakabidhiwa mtu, na akimshuku anaweza kumkamata na kumrudisha mwenyewe. Nyingine ilikufa, hakuna mahakama inayoitumia tena. Akaweka kidole chini ya neno moja na kumgeuzia Mama Generoza kitabu. Mainprise.

Mister Alistair alikuwa bado anajiandaa kueleza. Mama Generoza aliinama. Alikuwa amesoma madarasa machache ya shule ya msingi, kwa Kifaransa, kabla ya dunia yake kuvunjika. Midomo yake ikatembea juu ya herufi, si kwa Kiingereza bali kwa sauti ya mtoto wa darasani.

"Main," akasoma. "Prise." Akanyanyua kichwa. "Mkono. Kushikwa. Hii ni mutu ameshikwa mkono."

Mister Alistair aliniuliza amesema nini. Nilipomwambia alivua miwani. Alisema amekutana na neno lile tangu akiwa mwanafunzi, na amelieleza kwa vijana wengi wa sheria, na siku zote lilikuwa kwake kama jiwe la kaburi. Hakuwahi kumwona mtu akilisoma kana kwamba limeandikwa jana. Kisha akatueleza jinsi lilivyofika Uingereza. Wanormani walivuka bahari kutoka Ufaransa wakaitwaa nchi, na kwa karne kadhaa mahakama za Waingereza zikaongea aina ya Kifaransa ambacho mkulima aliyeshtakiwa hakukielewa hata kidogo. Mkulima yule alisimama pale akingoja mtu mwingine amwambie hatima yake. Mama Generoza aliitikia kwa kichwa taratibu, kama anayesikia habari za jirani. Nami nilifikiri juu ya neno letu dhamana, ambalo nasi tulilipokea kwa Waarabu na kulizoea hata tukadhani ni la nyumbani; na nikaona maneno yakisafiri kama sisi, yanatua penye wenyewe, yanajifunza matamshi. Mvua ilikuwa ileile, hita ileile inanuka waya, na chumbani mlikuwa na miaka mia nane.

"Huyu aliyeshika mkono," Mama Generoza aliuliza, "anaweza kumufungia mwenzake mlango?"

"Hapana," alisema Mister Alistair. "Hiyo ndiyo ilikuwa tofauti. Hana ruhusa ya kumfungia, wala ya kumrudisha. Aliyeshikwa mkono anahesabiwa kuwa yuko huru."

"Akitaka kukimbia?"

"Anakimbia."

"Na mimi?"

Mzee alijibu, kisha akanitazama, kana kwamba anaomba nipunguze makali ya jibu katika kufasiri. Sikulipunguza. "Wewe unabaki, unamjibia. Kwa kila watakachouliza."

Mama Generoza alivuta fomu. "Bon. Hii ndiyo nataka." Tulijaza jina, anwani, kazi. Tulipofika penye swali la uhusiano wake na Anselmi, kalamu yangu ikasimama, maana hakuwa ndugu wala jirani, na yeye mwenyewe alikataa niandike rafiki. Akaonyesha kamusi. Aliyeshika mkono aliitwa mainpernor, na alitaka liandikwe hilo. Mister Alistair alimweleza kwa upole kwamba neno limekufa, ofisa hatalielewa, litamchelewesha. Mama Generoza alisema ofisa akitaka kujua atauliza. Basi nikaketi kwenye kompyuta nikalipiga chapa, na kompyuta ikalichorea mstari mwekundu chini yake.

Ofisa aliuliza. Wiki tatu baadaye simu ililia nikiwa peke yangu, Mister Alistair yuko mahakamani. Sauti ya mwanamume, imechoka, ikasema kuna kosa la herufi kwenye fomu, pale penye uhusiano. Ningeweza kusema ndiyo, ni kosa, andika rafiki. Kwa kweli mdomo wangu ulishafunguka kusema hivyo, kwa kuwa nilikuwa mwoga wa ofisi zote na viza yangu mwenyewe ilikuwa ya kuhesabu miezi. Badala yake nikajisikia nikieleza: Wanormani, mkono, mtu anayekubali kumjibia mwingine bila kuwa na uwezo wa kumfungia.

"Kwa hiyo hawezi kumzuia," alisema yule ofisa.

"Hawezi."

"Na anajua hivyo?"

"Ndicho kitu cha kwanza alichouliza."

Akaniomba nimtajie neno herufi moja moja. Nilimsikia akiliandika. Alishukuru, akakata simu, na mimi nikakaa nikitazama mlango kama mtu aliyetoka kuongea na mtu mkubwa sana, ingawa alikuwa karani tu kama mimi. Sidai kwamba neno lile ndilo lililofungua lango. Daktari alikuwa ameandika barua, na Mister Alistair kurasa nyingi zenye hoja. Ninachojua ni kwamba kabla ya siku ile niliamini maneno ya wakubwa yanatoka juu kuja kwetu, nasi kazi yetu ni kuyapokea. Mwaka uliofuata niliacha biashara nikasomea ukalimani, na sijafanya kazi nyingine tangu hapo.

Ruhusa ilifika mwanzoni mwa kiangazi. Anselmi alitoka Jumamosi asubuhi na mfuko mmoja wa nailoni. Mama Generoza aliishi kwenye fleti ya vyumba viwili, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka maduka ya Cabramatta, na nilialikwa chakula. Jikoni palikuwa na maharage motoni, ndizi zimemenywa, mchicha umekatwa. Anselmi aliketi ukingoni mwa kochi, shati limefungwa hadi shingoni. Saa tano Mama Generoza alifungua kabati, akalifunga.

"Sina ndagala," alisema, akimaanisha dagaa. "Anselmi, chukua hii hela. Shuka barabara kubwa, fuata moja kwa moja mpaka stesheni. Wavietnamu wanauza ndagala kavu kwa mfuko. Chagua ndogondogo."

Nilimfuata Anselmi kwa macho mpaka alipopotea kwenye ngazi, kisha nikamgeukia. "Mama, siku ya kwanza? Peke yake? Ningeenda mimi."

"Wewe unajua kuchagua ndagala?"

Saa sita ikapita. Saa saba ikapita. Nilisimama dirishani, nikakaa, nikasimama. Nilifikiria stesheni ya Cabramatta na treni zake za kwenda mjini, na za kwenda kusini, na mtu ambaye hajaangalia mbali kwa miaka mitatu. Nilifikiria dada aliye kambini. Saa saba na nusu nikasema nampigia Mister Alistair. Mama Generoza alikuwa anasonga ugali, mgongo wake kwangu, na jasho limelowesha kola ya gauni. Alisema, bila kugeuka, "Weka simu chini." Hapo ndipo nilipoona kwamba mwiko ulikuwa unazunguka katika ugali ulioiva zamani. Alikuwa anaogopa kuliko mimi. Alikuwa anaogopa, na hakuenda dirishani hata mara moja.

Karibu saa nane tulisikia hatua kwenye ngazi. Anselmi aliingia, vifungo viwili vya shati vimefunguliwa, mfuko mkononi. Hakuketi.

"Nilifika stesheni," alisema. "Nilikaa kwenye benchi. Treni nne zimepita. Nimeona mpaka reli zinapokutana kule mwisho. Nimefikiria kupanda, Mama. Sitakuficha."

Mama Generoza alifuta mikono kwenye kanga, akachukua mfuko, akaufungua, akaunusa.

"Umechagua kubwa," alisema. "Kaa. Tule."

Tulikula. Ugali ulikuwa mgumu kama ubao.

Aliishi pale mwaka na miezi, mpaka alipopewa viza yake, na kila alipoitwa alikwenda mwenyewe. Alihamia mtaa wa pili. Dada wa Mama Generoza alikubaliwa baadaye, na siku ya kufika kwake Mama Generoza alikuwa kazini, zamu ambayo haikuwezekana kubadilisha, kwa hiyo Anselmi ndiye aliyekwenda kumpokea uwanja wa ndege. Ndege ilikuwa ya saa sita mchana. Anselmi alifika pale saa moja asubuhi, akangoja.